Kumbukumbu za wagonjwa na mashine inayojifunza: swali la maadili kutoka Sydney

Katika mji wa Sydney, kwenye pwani ya mashariki ya Australia, wapo watafiti wa saratani ambao hawashiki darubini wala hawaonani na mgonjwa hata mmoja. Kazi yao ni kusoma kumbukumbu. Mbele ya kompyuta zao hupita taarifa za maelfu ya wanawake: nani alipimwa saratani ya shingo ya kizazi na nani hakupimwa, nani aligunduliwa mapema na nani alichelewa, nani alitibiwa, na nani alikuwa hai miaka mitano baadaye. Kutokana na taarifa hizo hutoka hesabu ambazo Shirika la Afya Duniani, WHO, huzitumia katika kuzishauri nchi mbalimbali, zikiwamo za Afrika Mashariki.

Hivi sasa kumbukumbu za namna hiyo zimepata msomaji mpya. Msomaji huyo ni kompyuta yenye akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde: programu isiyoambiwa kila hatua ya kufuata, bali hujifunza kwa kuonyeshwa mifano mingi. Ili iweze kuitambua saratani, ni lazima ionyeshwe picha na majibu ya vipimo vya wanawake halisi. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo hesabu peke yake haiwezi kulijibu: je, kumbukumbu hizo ni za nani, nani aliombwa ruhusa, na faida itakayopatikana itamrudia nani?

Ugonjwa mmoja, hatima mbili

Saratani ya shingo ya kizazi, ambayo pia huitwa saratani ya mlango wa kizazi, husababishwa karibu mara zote na maambukizi ya muda mrefu ya virusi vya papiloma, vijulikanavyo kwa kifupi kama HPV. Kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 tangu seli zianze kuharibika mpaka zigeuke kuwa saratani. Kwa mwanamke ambaye kinga yake ya mwili imedhoofika, kwa mfano anayeishi na virusi vya Ukimwi bila kutumia dawa, muda huo waweza kuwa miaka mitano hadi kumi tu. Urefu wa safari hiyo ndio unaoufanya ugonjwa huu uzuilike. Msichana anaweza kuchanjwa kabla hajakutana na virusi, na mwanamke mtu mzima anaweza kupimwa na kuondolewa seli zilizoharibika kabla hazijawa saratani.

Pamoja na hayo, kwa mujibu wa WHO, mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani waligunduliwa na ugonjwa huo na wengine wapatao 350,000 wakafariki dunia. Vifo 94 katika kila 100 vilitokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi wataalamu wanapopima muda wa kuishi baada ya ugonjwa kugunduliwa. Nchini Australia, kati ya wanawake 100 wanaogunduliwa na saratani hiyo, takriban 74 huwa hai baada ya miaka mitano. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliotumia madaftari ya saratani ya nchi zaidi ya kumi za Afrika, Kenya na Uganda zikiwa miongoni mwao, ulionyesha kwamba wanaofikia miaka mitano ni takriban theluthi moja tu. Virusi ni vilevile na miili ni ileile. Kinachotofautiana ni hatua ambayo ugonjwa hugunduliwa, na kama ipo hospitali yenye wapasuaji na mashine za mionzi ambayo mgonjwa anaweza kuifikia na kuimudu gharama yake.

Hata hivyo, tarakimu hizo nazo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Ili kujua kama mwanamke ameishi miaka mitano, ni lazima mtu fulani aendelee kumfuatilia kwa miaka mitano. Mgonjwa anayetibiwa Nairobi au Kampala na kisha kurejea kijijini kwao huenda asionekane tena hospitalini. Daftari la saratani halijui kama amepona au amezikwa. Iwapo wengi wa wanaopotea namna hiyo ni wale waliozidiwa, basi hesabu itaonyesha kwamba wagonjwa wanaishi muda mrefu kuliko hali halisi ilivyo. Kwa maneno mengine, mwanamke ambaye kifo chake hakikuandikwa huifanya takwimu ionekane nzuri. Hilo ni jambo la kuzingatia kabla ya kuikabidhi kompyuta kumbukumbu hizo na kuiambia ijifunze.

Hesabu zinazofanyika Sydney

Sehemu kubwa ya hesabu za ugonjwa huu hufanywa na kituo cha utafiti kiitwacho Daffodil Centre, kinachoendeshwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Sydney na Baraza la Saratani la jimbo la New South Wales. Profesa Karen Canfell, aliyewahi kukiongoza kituo hicho, pamoja na wenzake wametumia miaka mingi kutengeneza kielelezo cha kompyuta kiitwacho Policy1-Cervix. Kielelezo hicho huiga maisha ya umma mzima wa wanawake: wanavyoambukizwa, wanavyopona wenyewe au kuugua, wanavyopimwa, wanavyotibiwa na wanavyofariki. Mtafiti hubadilisha jambo moja, kwa mfano kiwango cha chanjo, kisha hutazama matokeo yake miaka 50 au 100 baadaye.

Mwaka 2018 watafiti hao walitangaza kwamba Australia ilikuwa katika njia ya kuwa nchi ya kwanza duniani kuutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma, pengine kufikia mwaka 2028. Kutokomeza huko kuna maana maalumu: wagonjwa wapya wasiofikia wanne kwa mwaka katika kila wanawake 100,000. Australia ilianza kuwachanja wasichana wake mwaka 2007, na Desemba 2017 ikaacha kipimo cha zamani cha Pap na kuanza kupima virusi vya HPV vyenyewe kila baada ya miaka mitano. Matunda yameanza kuonekana. Mwaka 2021 hakuna mwanamke hata mmoja mwenye umri wa chini ya miaka 25 aliyegunduliwa na saratani hiyo nchini humo, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu kumbukumbu zianze kuwekwa.

Kielelezo cha Sydney kilikuwa pia kimojawapo cha vielelezo vitatu vilivyotumiwa kuandaa mkakati wa WHO uliozinduliwa Novemba 2020. Mkakati huo unazitaka nchi, kufikia mwaka 2030, ziwe zimewachanja wasichana 90 katika kila 100 kabla hawajafikia umri wa miaka 15, ziwe zimewapima wanawake 70 katika kila 100 wakiwa na umri wa miaka 35 na tena wakiwa na miaka 45, na ziwe zinawatibu wanawake 90 katika kila 100 wanaogunduliwa na tatizo. Kwa mujibu wa hesabu hizo, nchi 78 maskini zikiufuata mkakati huo zitaepusha vifo zaidi ya milioni 62 katika muda wa karne moja.

Mwaka 2023 ilifika zamu ya Tanzania. Watafiti wa Australia walichapisha katika jarida la Nature Medicine hesabu zilizohusu wanawake wa Tanzania wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ambao hatari yao ya kupata saratani hii ni takriban mara sita ya wanawake wengine. Walikuta kwamba iwapo wanawake 70 katika kila 100 watapimwa virusi vya HPV kila baada ya miaka mitatu, vifo vitapungua kwa asilimia 72. Aidha waligundua kwamba kwa kipimo hicho ingebidi kuwatibu wanawake wapatao 39 ili kuzuia kifo kimoja, ilhali kwa njia ya kupaka siki na kutazama kwa macho, ambayo hutumika katika zahanati nyingi, ingebidi kuwatibu takriban 108. Hii ina maana kwamba njia ya siki huwapeleka kwenye matibabu wanawake wengi ambao hawakuyahitaji.

Ikumbukwe kwamba kielelezo cha namna hiyo si akili mnemba. Kanuni zake huandikwa na binadamu, na mtaalamu mwingine anaweza kuzisoma na kuzipinga. Lakini vyombo vyote viwili hula chakula kimoja, nacho ni kumbukumbu za wanawake. Watafiti hawakuweza kuihesabu Tanzania bila taarifa za wanawake wa Tanzania.

Mashine inayotazama

Akili mnemba iliingia rasmi katika ugonjwa huu mwaka 2019, pale watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walipochapisha matokeo yaliyowashangaza wengi. Walichukua picha za shingo ya kizazi za wanawake zaidi ya 9,000 wa mkoa wa Guanacaste, nchini Costa Rica, ambao walifuatiliwa kwa miaka kadhaa tangu mwaka 1993. Kompyuta ilionyeshwa picha hizo na kuelezwa nani baadaye alipata matatizo. Baada ya kujifunza, iliwatambua wanawake waliokuwa hatarini kwa usahihi mkubwa kuliko wataalamu waliozitazama picha hizohizo.

Furaha hiyo ilifuatiwa na tahadhari. Picha za Guanacaste zilipigwa kwa kamera maalumu ya aina moja ambayo haitengenezwi tena. Programu iliyojifunza kwa picha hizo ilipojaribiwa kwa picha za simu za mkononi, haikufanya vizuri. Watafiti wenyewe walieleza kwamba kompyuta inaweza kukariri sura ya picha badala ya kuujua ugonjwa, mfano wa mwanafunzi aliyekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana. Kwa ajili hiyo ulianzishwa utafiti mpana zaidi katika nchi tisa, zikiwamo Tanzania, Malawi na Nigeria, ili programu ijifunze kwa picha za wanawake wa mahali ambapo itatumika, na itumike pamoja na kipimo cha HPV.

Afrika Mashariki ina mfano mwingine, na huo ni wa pwani ya Kenya. Kati ya mwaka 2018 na 2019, katika hospitali ya Kinondo Kwetu iliyopo kaunti ya Kwale, wanawake 740 wanaoishi na virusi vya Ukimwi walichukuliwa sampuli za kipimo cha Pap. Vioo vyenye seli zao vilipigwa picha kwa skana ndogo hapohapo hospitalini, na picha zikatumwa kwa mtandao wa simu ili zisomwe na kompyuta. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba kompyuta ilizitambua karibu sampuli zote zenye kasoro, ingawa pia iliwatilia shaka baadhi ya wanawake waliokuwa salama. Kwa nchi yenye wataalamu wachache mno wa kusoma vioo hivyo, msaada huo si mdogo.

Ni rahisi kuona kwa nini watafiti wana hamu ya kupata kumbukumbu zaidi. Kadiri mashine inavyoona wanawake wengi na wa aina nyingi, ndivyo inavyopunguza makosa. Lakini historia ya ugonjwa huu inaonyesha pia kwa nini mwanamke ana haki ya kuuliza kabla ya kukubali.

Majeraha ya zamani

Mwaka 1951, mama mmoja Mmarekani mwenye asili ya Afrika, Henrietta Lacks, alitibiwa saratani ya shingo ya kizazi katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore. Madaktari walichukua kipande cha uvimbe wake bila kumwomba ruhusa, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Alifariki dunia mwezi Oktoba mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 31, lakini seli zake ziliendelea kuishi na kuzaana katika maabara za dunia nzima. Katika miaka ya 1980, kundi la mwanasayansi wa Ujerumani Harald zur Hausen, ambaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua kwamba virusi vya HPV husababisha saratani hii, liliwakuta virusi hao hata ndani ya seli za Bi. Lacks. Familia yake ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua kwamba seli hizo zipo.

Mwaka 2013 jambo hilo liligeuka kuwa suala la data. Wanasayansi waliuchapisha kwenye intaneti mpangilio mzima wa chembe za urithi za seli hizo, taarifa ambazo zinawahusu pia watoto na wajukuu wa marehemu. Familia ililalamika, taarifa zikaondolewa, na baadaye mwaka huohuo taasisi za afya za serikali ya Marekani zikakubaliana na familia kwamba wanaotaka kuzitumia waombe kibali mbele ya kamati yenye wawakilishi wa familia hiyo.

Tukio la pili ni la jirani wa Australia, nchi ya New Zealand. Kuanzia mwaka 1966, katika Hospitali ya Taifa ya Wanawake mjini Auckland, daktari Herbert Green aliwafuatilia wanawake wenye dalili za awali za saratani ya shingo ya kizazi bila kuwapa tiba kamili, kwa kuwa aliamini kwamba dalili hizo hazigeuki saratani. Wengi wao hawakujua kwamba wamo katika utafiti. Waandishi wawili wanawake waliifichua habari hiyo katika jarida mwaka 1987, na tume iliyoongozwa na jaji Silvia Cartwright ikatoa ripoti mwaka 1988 iliyobadilisha sheria za haki za wagonjwa nchini humo.

Mwaka 2008 watafiti walirejea kwenye mafaili ya wanawake hao. Waligundua kwamba miongoni mwa wale ambao hawakutibiwa ipasavyo, takriban 31 katika kila 100 walipata saratani ndani ya miaka 30. Kwa waliotibiwa vizuri, haikufika hata mmoja katika kila 100. Kumbukumbu zilizowekwa wakati wanawake wakinyimwa tiba ndizo zilizotoa ushahidi wa kile kilichowapata. Kwa hiyo, kuzichoma au kuzifungia kumbukumbu zote si maadili mema. Zingeteketezwa zile za Auckland, ukweli nao ungezikwa.

Picha za vifua mjini Sydney

Mjadala huo uliwarudia wakazi wa Sydney mwezi Septemba mwaka 2024. Safari hii haikuwa saratani ya shingo ya kizazi, bali picha za eksirei za kifua, ingawa kanuni ni ileile. Gazeti la mtandaoni la Crikey liliripoti kwamba kampuni kubwa ya picha za tiba, I-MED, iliipatia kampuni ya akili mnemba ya mjini Sydney, Harrison.ai, picha za wagonjwa ili programu ijifunze kuzisoma, na kwamba wagonjwa hawakuwa wameombwa ridhaa. Programu yenyewe ina manufaa: utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba inawasaidia madaktari kusoma picha za kifua kwa usahihi zaidi.

Kamishna wa Faragha wa Australia, Bi. Carly Kind, aliifanyia uchunguzi wa awali taarifa hiyo na kutoa ripoti yake mwaka 2025. Alieleza kwamba kati ya mwaka 2020 na 2022 ziliwasilishwa kumbukumbu za mamilioni ya vipimo, lakini kabla ya kuwasilishwa ziliondolewa majina na alama za utambulisho kwa kiwango kilichotosha, hata zikawa si taarifa binafsi tena mbele ya sheria. Uchunguzi ukafungwa.

Msikilizaji anaweza kuuliza: ikiwa sheria haikuvunjwa, tatizo liko wapi? Wataalamu wa maadili hujibu kwa kutenganisha mambo mawili. La kwanza ni faragha, yaani mtu asijulikane. La pili ni heshima, yaani mtu aelezwe. Mgonjwa anayekwenda kupigwa picha hutarajia itasomwa na daktari wake. Ikitumika kutengeneza bidhaa itakayouzwa, wengi wangependa kujua, hata kama jina lao halionekani.

Zaidi ya hayo, kuondoa majina si kinga kamili. Mwaka 2016 serikali ya Australia ilitoa hadharani kumbukumbu za matibabu za takriban sehemu moja ya kumi ya wananchi wake, zikiwa zimeondolewa majina, ili watafiti wazitumie. Muda si mrefu wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Melbourne walionyesha kwamba namba za siri za madaktari zingeweza kufumbuliwa, na mwaka 2017 wakaonyesha kwamba hata mgonjwa angeweza kutambuliwa kwa kulinganisha mambo machache yanayojulikana juu yake, kama vile tarehe alizojifungua. Taarifa hizo zilikuwa zimekwisha kuondolewa kwenye intaneti, lakini nakala zilizokwisha kuchukuliwa haziwezi kurudishwa.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wollongong, kusini mwa Sydney, waliliitisha baraza la raia wa kawaida ili waijadili akili mnemba katika tiba. Mapendekezo yao, yaliyochapishwa mwaka uliofuata, yaligusia usawa kwa makundi yote, haki ya mgonjwa kuelezwa na kuchagua, na usimamizi wa data unaoweza kukaguliwa. Wananchi hao hawakutaka akili mnemba ipigwe marufuku. Walichodai ni mwangalizi.

Wasioandikwa

Kuna kosa jingine la kimaadili ambalo halipigi kelele, nalo ni kutoandikwa kabisa. Australia, pamoja na mafanikio yake yote, inalijua kosa hilo. Miongoni mwa wenyeji asilia wa nchi hiyo, yaani Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, wanawake hupata saratani ya shingo ya kizazi takriban mara mbili ya wengine, na hufariki kutokana nayo zaidi ya mara tatu.

Kwa miaka mingi haikuwezekana hata kujua ni wangapi kati yao waliokuwa wakipimwa. Sababu yake ilikuwa ndogo na ya kusikitisha: fomu za maabara hazikuwa na mahali pa kuandika kama mwanamke ni mwenyeji asilia. Profesa Lisa Whop, mtafiti ambaye mwenyewe ni mtu wa Torres Strait, pamoja na wenzake waliziunganisha kumbukumbu za vipimo za jimbo la Queensland na zile za hospitali, ambako asili ya mgonjwa iliandikwa. Ndipo ilipoonekana kwamba kiwango chao cha kupimwa kilikuwa chini kwa takriban asilimia 20 kuliko cha wanawake wengine. Kabla ya hapo, takwimu ya taifa ilionekana njema kwa sababu haikuwaona waliokosa huduma.

Kutokana na hali kama hiyo, wenyeji asilia wamedai zaidi ya faragha. Wamedai mamlaka. Umoja wao uitwao Maiam nayri Wingara, ulioanzishwa mwaka 2017, unashikilia kwamba jamii yenyewe ndiyo inayopaswa kuamua taarifa zake zikusanywe vipi na zitumike kwa faida ya nani. Katika jimbo la New South Wales, utafiti wa afya unaowahusu Waaborijini hupitiwa na kamati ya maadili ya chombo chao wenyewe, mbali na kamati za vyuo vikuu. Tangu Julai 2022, wanawake wote wa Australia wanaofikia umri wa kupimwa wanaruhusiwa kuchukua sampuli wenyewe kwa faragha, hatua iliyolengwa hasa kwa wale waliokuwa wakiona haya au wakiiogopa hospitali.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Mambo hayo yanaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Daftari la saratani la Kampala lilianzishwa mwaka 1951 na ni miongoni mwa yaliyodumu muda mrefu zaidi barani Afrika, lakini katika eneo zima madaftari ya aina hiyo bado ni machache. Kwa hiyo mwanamke wa Kampala anaonekana katika hesabu za dunia, na mwanamke wa kijiji cha mbali hukadiriwa kwa kumtazama yule wa mjini.

Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Sheria zote tatu huzipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. WHO nayo ilitoa mwongozo wake wa maadili ya akili mnemba katika afya mwezi Juni mwaka 2021, ikisisitiza uhuru wa mgonjwa, usalama, uwazi, uwajibikaji, usawa na uendelevu. Lililobaki ni kuzigeuza sheria hizo kuwa maswali yanayoulizwa mlangoni mwa zahanati. Je, mwanamke ameelezwa kwa lugha anayoielewa kwamba picha yake itaifundisha kompyuta? Je, akikataa, atapimwa na kutibiwa vilevile? Je, picha itahifadhiwa nchi gani, na nani ataweza kuifungua? Je, programu imejaribiwa kwa wanawake wa mahali hapo, au inaletwa na ujuzi wa ugenini? Na itakapokamilika, je, zahanati iliyotoa picha itaweza kuinunua?

Lipo na swali lililo zito kuliko hayo yote. Mashine ikisema kwamba mwanamke ana tatizo, nani atamtibu? Katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road mjini Dar es Salaam, saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wingi wa wagonjwa wanawake, na wengi hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Kumwambia mwanamke kwamba yumo hatarini, kisha kumrudisha nyumbani bila tiba, ni kuchukua taarifa yake na kumwachia hofu. Wanawake wa Auckland walijua jambo hilo kabla kompyuta haijajifunza kusoma picha.

Watafiti wa Sydney wameonyesha kwamba ugonjwa huu unaweza kutokomezwa, na hakuna njia ya kufika huko bila kumbukumbu. Lakini ndani ya kila tarakimu wamo wanawake waliopanda kitanda cha daktari, wakavumilia kipimo kisichopendeza, na kuruhusu yaandikwe mambo ambayo wengine hawakuwaambia hata ndugu zao. Hawakufanya hivyo ili kuifundisha mashine, bali walitaka kupona. Utafiti unaozichukua taarifa zao unaweza kusema umewatendea haki pale tu ambapo wao, na mabinti zao, watapata ile tiba ambayo taarifa hizo zimesaidia kuigundua.